Nyumba Isiyoomba Ruhusa

Eugen Rapp alikuwa na sheria moja kuhusu nyumba yake: hakuna swichi, taa wala shata ya dirisha itakayotoka nje ya kuta zake kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Aliishika sheria hiyo mpaka siku ya mwisho aliyolala humo.

Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka wilaya yetu ya milimani akipima mizani za wachinjaji na pampu za mafuta. Zilizosema kweli alizipiga lakiri, zilizodanganya aliziondoa kazini, na hakuna mchinjaji aliyewahi kumlainisha kwa soseji. Mkewe alipofariki, na binti yao Sibylle akiwa ameolewa mbali huko Hamburg, alibaki peke yake katika nyumba ya mawe yenye ghorofa mbili na ghala chini ya ardhi. Upweke wake aliumalizia kwenye nyaya.

Simlaumu kwa sheria yake. Watu wa siku hizi hununua taa ambayo, ukibonyeza swichi ukutani, hupeleka kwanza habari kwenye kompyuta za kampuni katika nchi nyingine, kisha hungoja jibu ndipo iwake. Kampuni ikichoka, na taa imekwisha. Ottmar, kaka wa marehemu mkewe, yalimkuta hayo. Kampuni iliyomuuzia mota za shata, zile pazia za vibao vigumu zinazoshuka nje ya madirisha yetu, ilizima kompyuta zake katikati ya baridi, na shata zake zote zikabaki chini. Mzee wa watu alikula dengu na tambi zake kwa mwanga wa taa mchana kweupe, huku jirani zake wakiota jua.

Eugen alimwendea na bisibisi na kompyuta ya mkononi. Akafungua mota moja moja, akafuta programu ya kampuni, akaweka yake.

"Umenunua minyororo, shemeji, na risiti umeitunza," alimwambia.

"Na wewe ni kuku aliyejifungia bandani, ufunguo kaumeza," Ottmar akajibu. "Hebu zipandishe kwanza, utanihubiria baadaye. Sijaona jua wiki nzima."

Nyumba ya Eugen mwenyewe iliongozwa na kompyuta ndogo iliyokaa kwenye rafu ghalani, karibu na pipa la pombe ya tofaa. Iliwasha taa, ikapunguza joto, ikapandisha na kushusha shata. Haikuwa na kipaza sauti, wala haikutuma neno lolote nje. Aliifungia betri ya kuiendesha umeme ukikatika. Kisha, kwa kuwa yaliyompata Ottmar yalimkaa moyoni, aliipa kila mota ya shata saa yake ndogo ndani, ili hata kompyuta ya ghalani ikifa, shata ziendelee kupanda asubuhi na kushuka jioni. Na kwa ajili ya wezi, alipokwenda Hamburg kwa binti yake, alizifundisha zisipande kwa wakati mmoja kila siku. Leo zilitangulia kidogo, kesho zikachelewa, ya jikoni kwanza, ya sebuleni baadaye, kama mtu anayetoka kitandani akiburuta miguu. Aliporudi aliziacha hivyo hivyo.

Hapo ndipo ninapomlaumu. Katika mtaa wetu shata ni salamu. Mtu anayeishi peke yake akipandisha shata zake, jirani wa ng'ambo anajua amelala salama na ameamka salama. Zikibaki chini mpaka kahawa ya pili, mtu atavuka barabara na kubonyeza kengele. Jambo hili halikuandikwa popote na hakuna asiyelijua. Eugen, aliyeziondoa kazini mizani za uongo maisha yake yote, aliifundisha nyumba yake kusema "nimeamka" awe ameamka au hajaamka.

Tena alijivuna.

"Bi Hedwig," alimwambia Hedwig Stotz, jirani yake wa ng'ambo, "mwezi uliopita nilikuwa Hamburg siku nne. Uliona chochote?"

"Niliona shata zinapanda. Nikasema, aa, mzee kaamka, leo pia hatanisalimia."

"Nilikuwa nakula samaki kwa Sibylle!"

"Basi nyumba yako ina adabu kuliko wewe. Yenyewe inanisalimia."

Pasaka Sibylle alikuja na bangili ya mkononi. Ukianguka, bangili inahisi, inaiambia kampuni, na kampuni inapiga simu. Aliiweka mezani kati ya vikombe, Hedwig akiwepo, Ottmar akiwepo.

"Baba, vaa. Kwa ajili yangu."

"Nikianguka, kampuni ijue kabla yangu? Na nikienda chooni ijue pia? Hapana, mwanangu."

"Ukivunjika je?"

"Nitavunjika kwa siri yangu."

"Usikie neno la mjinga," alisema Ottmar. "Usivae. Lakini vuta basi waya mmoja tu mpaka kwa Hedwig, ukafunge kengele. Sakafuni huku unabonyeza, kule inalia. Kampuni haimo."

"Mimi sikatai," alisema Hedwig. "Ifunge jikoni, nitaisikia hata nikikaanga."

Eugen akacheka. "Nimpe Hedwig kengele ya nyumba yangu? Afadhali kampuni. Kampuni haiendi kusengenya kwa mwokaji."

"Mwone huyu! Nani atakusengenya, una lipi la kusengenya?"

Wakacheka wote, isipokuwa Sibylle. Alirudi Hamburg na bangili yake. Waya ule haukuvunja sheria yake hata kidogo. Aliukataa kwa kiburi, akakiita kiburi msimamo.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, baada ya kifungua kinywa, alishuka ghalani na kreti ya chupa tupu, simu akaiacha jikoni. Ngazi ya mwisho ilikuwa na unyevu. Alipoteleza alishika rafu ya chuma iliyojaa mitungi ya matunda, nayo ikang'oka ukutani ikamlalia mguu wa kushoto. Alisukuma. Haikusogea. Alisukuma tena mpaka macho yakaingia giza.

Vibonyezo vya taa na shata ukutani vilikuwa usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Sanduku la fyuzi lilikuwa juu zaidi, kando ya mlango. Mkono wake ulifika sehemu mbili tu: kwenye kreti ya maji ya tofaa, ambamo alipata chupa moja, na kwenye soketi ya chini ambamo waya wa kompyuta yake ulichomekwa.

Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Dirisha dogo la ghala lililotazama barabara alilifunga mwenyewe kwa vioo vitatu, ili joto lisipotee.

Jioni alisikia shata zikishuka juu yake, moja baada ya nyingine. Ndipo alipoelewa. Kesho zingepanda, na Hedwig angeziona. Ili aokolewe, ilibidi aiue kazi yake mwenyewe. Alinyoosha mkono, akaung'oa waya.

Taa ya kijani ya kompyuta haikuzimika. Betri ilishika kazi, kama alivyoipanga. Akalala akiitazama, akiiomba ife, mpaka ikafa. Na palipokucha shata zikapanda, ya jikoni kwanza, ya sebuleni baadaye, kwa sababu, jambo alilolisahau katika maumivu yake, kila mota ilikuwa na saa yake na haikumhitaji mtu.

Muda mfupi baadaye alisikia gari la posta likinguruma nje, na sauti ya Hedwig, ambayo hata vioo vitatu haviizuii.

"Nipe mimi tu hiyo barua, kengele hajibu. Yupo, yupo. Shata zimepanda. Kanuna tu, ndivyo alivyo."

Eugen aliita jina lake. Kilichotoka ni pumzi. Gari likaondoka. Mguu wakati huo ulikuwa umeacha kuuma, naye alikuwa amesoma vya kutosha kujua kwamba hiyo si habari njema. Jioni shata zikashuka. Jumamosi asubuhi zikapanda.

Jumamosi hapa kwetu kila mtu hufagia kipande cha barabara mbele ya nyumba yake. Mvua inyeshe, mtu awe na mafua, anafagia. Mchana wote ulipita na majani ya Eugen yalikuwa bado yamelala pale pale, yakipeperukia upande wa Hedwig. Hedwig alivuka barabara na ufagio mkononi. Hakuja kumwokoa. Alikuja kumgombeza.

"Eugen! Unaniona mimi kijakazi wako? Fungua!"

Alibonyeza kengele, akagonga mlango kwa mpini wa ufagio, akazunguka nyumba akitukana. Alipopiga goti kwenye dirisha la ghala amwambie kwamba anajua amejificha humo, aliona viatu.

Wazima moto wa kijiji walivunja mlango. Walipoiinua ile rafu alikuwa na fahamu bado, akamtazama Hedwig.

"Nilikusikia," alisema. "Jana. Nilikusikia."

"Shata zilikuwa juu," Hedwig alisema. "Eugen, shata zilikuwa juu!" Alilisema hilo kwa wazima moto, akalisema kwa daktari, akampigia Sibylle akalisema tena, mpaka Ottmar akamwondolea simu mkononi.

Mguu wa kushoto ulikatwa juu ya goti. Sumu ya nyama iliyokufa iliharibu figo, nazo hazikupona, kwa hiyo husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, mjini, na hawezi tena kuishi mbali na mashine hiyo. Nyumba ina watu wengine sasa.