Siku Bibi Alipomkaribisha Daktari

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu kibao cha barabarani cha huko Wales: Kiwelshi juu, Kiingereza chini. Mara nikasikia harufu ya iliki.

Ilikuwa alasiri, nyumbani kwetu Izki, Omani, nami mtoto, na Bibi alikuwa akikaanga kaimati. Kwetu mlango ukibishwa tu, Kiswahili hukatika na Kiarabu huanza. Leo najua tulikuwa tukiona haya tu. Wakati ule niliamini Kiswahili kimekatazwa, na kwamba Bibi akisikika atarudishwa Unguja.

Mgeni alikuwa daktari mwanamke aliyemtibu baba, nasi tukimwita Mngereza. Bibi akaingia na sinia, sauti juu: "Karibu mwanangu, kula zingali moto!"

Nikamvuta kanga. "Bibi, nyamaza, atakusikia!"

Daktari akauliza ile ni lugha gani. Baba alipomwambia, akatabasamu, akaeleza kwamba yeye ni Mwelshi. Babu wa babu yake alivishwa kibao shingoni shuleni, kama adhabu ya kuzungumza lugha ya mamake.

Baba akafasiri. Bibi akaweka sinia chini. "Mkaiwacha?"

"Asubuhi nimezungumza na mama kwa lugha hiyo hiyo."

"Alhamdulillahi," Bibi akasema, akamjazia sahani.

Mlango ukabishwa tena. Nikangoja Kiarabu. Baba akamtazama Bibi, kisha akaita kwa sauti, "Karibu ndani!"

Akaingia jirani, akatoa salamu, akakaa. Hakuna aliyemchukua Bibi. Nami nikala kaimati yangu ya kwanza siku ile.