Kiondo cha Timu ya Umau

Katani iliyolowekwa ina harufu ambayo hakuna mtu angejisumbua kuitia kwenye chupa na kuiuza. Inanuka majani, matope na maji yaliyosahauliwa ndooni, na ukilala nayo nyumba moja, asubuhi hata chai ina ladha yake. Harufu hiyo ikinifikia leo, pale sokoni Wote au kando ya barabara kuu ya Mombasa, sifikirii vyondo, vile vikapu vinavyosukwa nayo, kama watu wengine. Nafikiria mpira wa Uingereza. Mnisamehe, ndivyo nilivyolelewa. Nyumbani kwetu Kanyangi, kila Jumamosi jioni, nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu, aliketi mlangoni miguu ameinyosha, akisokota uzi wa katani pajani. Kando yake, juu ya kigoda, palikuwa na redio ambayo betri zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Mtangazaji alipofikia matokeo ya ligi kuu ya Uingereza, Susu aliinua kidole kimoja na nyumba nzima ikanyamaza, hata mama aliyekuwa akipepeta ndengu uani.

Timu tuliyoingoja haikuwa mojawapo ya zile kubwa ambazo nembo zake huchorwa kwenye vibanda vya vinyozi. Ilikuwa klabu ya mji mdogo wa kaskazini, mji wa mvua na viwanda vya nguo, na jina lake sitalitaja kwa sababu wenyewe wamechekwa vya kutosha. Sisi tuliwaita tu wale wa Umau, yaani wa babu. Katika ujana wake Umau alikuwa na kazi ya kupaka mashine mafuta katika shamba moja la mkonge upande wa Kibwezi, na fundi mkuu wa mashine hizo alikuwa Mwingereza aliyezaliwa katika mji huo. Magazeti ya kwao yalimfikia kwa meli, yamechelewa mno, kwa hiyo mzungu huyo aliomboleza leo mechi iliyochezwa mwezi uliopita, na Umau, kwa huruma yake, akaomboleza naye. Alipofungasha kurudi kwao, wengine walidhani atamwachia Umau baiskeli. Alimwachia klabu. Umau aliipokea kama mtu anavyokabidhiwa mtoto wa rafiki, akailea maisha yake yote bila kuiona hata mara moja.

Kutoka kwake tulijifunza historia ya klabu hiyo kabla hatujajua historia ya Kenya. Ilianzishwa na wanakwaya wa kanisa waliotaka kitu cha kuwapasha damu wakati wa baridi. Siku ya mechi ya kwanza walifika uwanjani nadhifu kabisa, masharubu yamechanwa, ila hakuna aliyebeba mpira, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake anao. Wageni nao hawakuwa nao. Basi wakaimba nyimbo mbili tatu, wakanywa chai, wakarudi nyumbani, na Umau alisisitiza kwamba hiyo ihesabiwe kuwa sare. Uwanja waliujenga kwenye mteremko, kwa sababu mwenye shamba aliwauzia kile kipande ambacho ng'ombe wake walikikataa. Kipa wa chini hakumwona kipa wa juu, aliona kofia tu. Timu ikicheza kupanda, wachezaji walihema kama watu wanaotoka mtoni na mitungi, na ikicheza kushuka, walishindwa kusimama. Mwaka mmoja walifika fainali kule London. Nahodha, aliyekabidhiwa sanduku la viatu, alisinzia kwenye treni, akashtuka, akashuka stesheni isiyo yake. Wenzake wakacheza na viatu vya kuazima, na bao pekee la siku hiyo likafungwa na beki wao mwenyewe, ambaye viatu vyake vilikuwa vikubwa kuliko miguu, alipokuwa akimrudishia kipa wake mpira. Baadaye walishinda kombe dogo. Kwa kuwa mwenyekiti wa klabu alikuwa mwenye bucha, kombe likawekwa dirishani mwa bucha, na watu wa mji wakawa wanavua kofia mbele ya soseji.

Umau aliyasimulia haya bila kucheka, na Susu aliyaamini yote. Jambo moja tu lilimkwama kooni. Umau alisema kwamba watu wa mji ule wakifungwa hawaondoki. Filimbi ikilia wanabaki pale pale kwenye mvua, wanaimba mpaka mchezaji wa mwisho aingie ndani, ndipo waende kula.

"Hapo umeongeza chumvi," Susu alimwambia kila mara. "Mtu amefungwa, amelowa, ana njaa, na bado anaimba?"

"Hata mimi nilimuuliza mzungu hivyo," Umau alijibu, na hakuwahi kuongeza neno. Susu alikuwa akitingisha kichwa na kuendelea kusuka. Walikaa katika ndoa miaka mingi wakiwa na ugomvi huo mmoja, na nadhani waliutunza kwa sababu ulikuwa mtamu.

Kusuka kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake. Macho ya Umau yalipoanza kufifia na akawa anachanganya mechi ya juzi na ya mwaka jana, Susu alianza kuyasuka matokeo kwenye kiondo ili mumewe ayapapase kwa vidole akitaka kukumbuka. Kila mechi ilipata mzunguko wake. Wakishinda, alitumia uzi wa kijani, laini, uliosokotwa mara mbili. Wakifungwa, uzi wa kahawia uliochemshwa na magome ya mti, mgumu kidogo. Sare ilisukwa na katani yenyewe bila rangi, kwa sababu, alisema, sare haistahili kuni za kuchemshia. Msimu ukiisha, kiondo kinafungwa mdomo na kuuzwa. Mnunuzi wetu alikuwa Mama Wanjiru, mfanyabiashara kutoka Sultan Hamud ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Murang'a, na aliyekuja Kanyangi siku za soko kukusanya vyondo vya kupeleka ng'ambo. Aliwahi kukigeuzageuza kimoja kilichokuwa kahawia karibu chote, akauliza, akimwita nyanya kwa Kikuyu, "Hii pattern inaitwaje, Cucu?" Susu akamjibu, "Inaitwa tumefungwa." Mama Wanjiru akasema wazungu wataipenda sana. Mpaka leo najiuliza kama hakuna bibi huko Uingereza anayebebea viazi kwenye kiondo kilichohifadhi aibu ya timu ya kwao.

Msimu ninaoukumbuka nilikuwa darasa la sita, na Umau alikuwa amefariki kabla haujaanza. Redio ilibaki. Susu aliendelea kuketi pale pale Jumamosi, na nilielewa, ingawa hakuna aliyenieleza, kwamba hakuwa akingoja matokeo peke yake. Alikuwa akingoja jina. Kila wiki, mara moja, mtangazaji wa Nairobi alilitamka jina lile ambalo Umau alilitamka kwa miaka yote, na kwa muda huo mfupi nyumba ilikuwa kama zamani. Lakini timu ilifungwa Agosti, ikafungwa Septemba, ikafungwa tulipokuwa tukipanda mahindi kwenye udongo mkavu tukingoja mvua ya Novemba, na mvua ilipokuja wao bado walikuwa wakifungwa. Ilipofika Aprili kiondo kilikuwa rangi ya shamba la Septemba. Kila mtu aliyejua mpira alituambia kwamba timu hiyo itashuka daraja, na redio yetu haikuwahi kusoma matokeo ya madaraja ya chini.

"Wakishuka," Susu aliniambia jioni moja huku akisokota, "hilo jina tutalisikia wapi tena?" Nililia usiku huo, na ukiniuliza nililia kwa ajili ya timu au kwa ajili ya Umau, sikujua kutofautisha.

Siku ya mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili. Timu ya Umau ilihitaji kushinda, vinginevyo safari imeisha. Tulipotoka kanisani Susu hakushika njia ya nyumbani. Alinishika mkono tukaelekea dukani kwa Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye familia yake ilitoka Garissa, na mtu wa kwanza pale Kanyangi kuwa na televisheni ya dishi. Vijana wote wa soko walikuwa wamejazana ndani, wameketi juu ya kreti za soda na magunia ya unga. Nilimuuliza Susu kwa nini tusingoje redio. "Mgonjwa hasikilizwi redioni," alisema. "Mgonjwa anaendewa."

Abdi alimpa kiti chake mwenyewe. Kwenye televisheni ilikuwa timu kubwa ambayo Abdi na nusu ya Kenya waliipenda, na siku hiyo ilikuwa ikichukua ubingwa. Susu alitoa kiondo, akasuka kimya, akiangalia watu asiowajua wakifunga mabao asiyoyahitaji. Wakati wa mapumziko Abdi alimletea chai ya maziwa ya ngamia akamuuliza, kwa heshima kabisa, "Mama, na wewe ni timu gani?"

Susu akaitaja. Duka likacheka. Kijana mmoja aliyeitwa Kioko, ambaye mama yake alisuka pamoja na Susu, alisema, "Aki Susu, hao si wanashuka leo?"

"Ndiyo maana nimekuja kuwaona," alisema Susu. "Hao ni wa mzee wangu. Hakuwahi kuwaona, na mimi sijawaona."

Abdi alisimama kidogo na birika mkononi. Timu yake ilikuwa mbele kwa mabao matatu. Akachukua rimoti akabadilisha chaneli. Vijana walilalamika kwa sauti moja. "Zii, Abdi, rudisha, watu wamelipa." Abdi akaweka rimoti mfukoni mwa kanzu. "Kombe iko kwa mfuko tayari," aliwaambia. "Kwa duka yangu, mtu akikuja kuona mgonjwa wake, anaonyeshwa. Mwenye hataki achukue pesa yake aende." Hakuna aliyekwenda.

Basi tukawaona. Mvua ilikuwa ikinyesha kweli. Susu alisogeza kiti hadi pua yake ikakaribia kioo, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Kumbe ni watoto." Kwa miaka yote alikuwa amewafikiria kuwa wazee wenye masharubu kama wale wa kwaya. Aliuliza nani anawapikia. Walikuwa nyuma kwa bao moja, na walikimbia kama watu wanaofukuza mbuzi shambani, kwa bidii nyingi na bila mpango. Vijana waliokuwa wakilalamika walianza kujipinda kwenye kreti zao mpira ulipokaribia goli. Waliposawazisha, Kioko alimkumbatia Susu. Dakika za mwisho kabisa mshambuliaji wao alipiga mpira ukagonga mwamba, ukarudi, ukampiga yeye mwenyewe kichwani na kutoka nje. Umau angeliongeza hilo kwenye historia siku hiyo hiyo. Kisha filimbi ikalia. Sare. Wameshuka.

Abdi alikuwa ameshatoa rimoti ili aone kombe lake likiinuliwa. "Ngoja, Abdi," alisema Susu. Kwenye kioo, wachezaji walikuwa wamelala matopeni, na nyuma yao ulionekana ukuta wa watu. Hawakuwa wakiondoka. Mvua iliwamwagikia, na hakuna aliyeinuka kwenda mlangoni. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa amemshika mjukuu begani, mdomo wazi, anaimba. Wote walikuwa wanaimba. Mchezaji mmoja akainuliwa, akaingia ndani, wakaimba. Wa pili akaingia. Waliimba mpaka wa mwisho, kipa, alipotoweka kwenye mlango mdogo, ndipo wakaanza kukusanya miavuli yao.

Susu aliinuka, akaweka mkono juu ya televisheni ya Abdi. "Hakuongeza chumvi," alisema. Akarudia, sasa kama anayeongea na mtu aliye karibu naye. "Mzee wangu, hukuongeza chumvi." Akalia mbele ya vijana wote, bila kuficha uso, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda wakati huo. Abdi hakugusa rimoti. Kombe la timu yake aliliona kesho yake, kwenye habari.

Mzunguko wa mwisho aliusuka kwa katani isiyo na rangi, kwa kuwa Susu hakuwa mtu wa kudanganya kiondo. Lakini hakukifunga mdomo. Mama Wanjiru alikitaka, akapandisha bei, akaambiwa hakijaisha. Kilitundikwa msumarini, na Jumamosi zikapita kimya, miaka mingi, redio ikisoma majina ya watu wengine.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Makueni na nina simu inayojua kila kitu. Wapwa wangu wanaangalia mechi nne kwa wakati mmoja, na timu yao ikifungwa bao la pili wanahamia nyingine kabla chai haijapoa. Siwalaumu, nasi tungekuwa na betri nzuri labda tungekuwa hivyo hivyo. Niliponunua simu hii, jina la kwanza nililotafuta lilikuwa lile la klabu. Niliwakuta daraja la tatu, wazima, wakifungwa. Nilisoma pia historia yao. Kwaya ni kweli. Bucha sikuiona. Uwanja wameusawazisha, na jambo hilo lilinihuzunisha.

Susu bado yuko, macho yameisha lakini vidole vinaona. Kiondo kilishushwa msumarini siku ile ile niliyompigia kumwambia nimewapata, na tangu hapo kimeongezeka mzunguko baada ya mzunguko hadi mama anakiita gunia. Kila Jumamosi usiku nampigia. Simu yangu huonyesha matokeo, na chini yake, kwa maandishi madogo, idadi ya watu waliofika uwanjani. Susu huanza na hilo la chini.

"Watu walikuja?"

"Walikuja, Susu. Na mvua ilinyesha."

Namsikia akivuta uzi karibu. "Haya," anasema, "sasa niambie tumefungwa ngapi."