Shati la Tano

Nilianza kumwonea wivu mjane wa mdogo wangu siku ya kwanza ya matanga, hata kabla maiti haijafika kaburini. Najua haifai kusema. Lakini nimeshona nguo za watu kwa miaka mingi hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, na najua kwamba mshono mbovu ukifichwa ndani ya pindo, nguo haitulii mwilini.

Mdogo wangu aliuawa shambani kwake karibu na Oicha, wakati wa kuvuna kakao. Tulimzika Beni, kulikokuwa na nyumba yake. Mke wake aliketishwa chini kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa, wanawake wawili wamemshika mabega. Kila aliyeingia alipiga magoti mbele yake. Akikohoa, maji yanaletwa. Akilia, nyumba nzima inalia naye. Mimi nilikuwa nje na mwiko. Nilipojaribu kukaa karibu naye, mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, alinigusa mgongoni.

"Weye uko na nguvu," akasema. "Acha muke yake alie. Kwenda angalia maharagi."

Nikaenda. Nilikoroga maharagi huku nikipiga hesabu ya chuki: huyu aliishi naye miaka tisa, mimi nimekuwa naye miaka thelathini na minne. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni kabla hajajua kutembea. Nani basi ndiye aliyefiwa? Kwetu dada wa marehemu ni mtu wa kazi. Anapika, anapokea wageni, anatafuta viti. Hakuna mkeka wake. Chakula hakikuungua, na watu waliondoka wakinisifu.

Niliporudi Butembo nilifungua kazi siku iliyofuata. Mwezi wa pili baada ya mazishi ndipo kichwa kilipoanza kunichezea. Nilipima kiuno cha mteja, nikageuka kuchukua kalamu, namba imetoweka. Niliacha pasi ya makaa juu ya sketi ya mwalimu wa shule jirani hadi ikatoboka. Siku moja mama mmoja alivaa gauni lake mbele ya kioo changu, akanyoosha mikono, akanitazama.

"Mama mushonaji, niko na mikono mbili ya kushoto?"

Tulicheka wote wawili. Alipoondoka nilijifungia. Kazi yangu iko kichwani na vidoleni, sina nyingine. Nilijiona tayari nikizunguka sokoni na nywele timtim, watoto wakinifuata.

Muuguzi wa kituo cha afya cha kata yetu alinipima presha, kisha akaweka chombo chake mezani.

"Unasahau tangu lini?"

"Tangu matanga ya mudogo wangu."

"Na ulilia lini?"

"Mi niko na kazi. Hapana wakati ya kulia."

"Unalala?"

Nikashusha mkono wa blauzi.

"Mama, hapana wazimu hii," akasema. "Mutu akifiwa, hapana lala, hapana ambia mutu hata mumoja, kichwa inachoka sawa mugongo yenye inabeba siku yote. Inaanza kuangusha bintu. Tafuta mutu mwenye alimujua, muongee juu yake."

Nilitoka nimekasirika. Mtu aliyemjua kunizidi ni nani? Jina la yule mjane lilinijia, nikalitema. Yeye alikuwa na watu kumi wa kuongea nao kila jioni.

Mwaka ulipokaribia kutimia, familia ikapanga siku ya kumaliza matanga. Tulichagua kitambaa kimoja cha kikwembe, cha bluu chenye majani meupe, ili wote tuvae sare, na kazi ya kushona ikaniangukia mimi. Nani mwingine? Safari hii niliandika kila kitu kwenye daftari: magauni ya wanawake, kisha mashati ya wanaume wanne. Nilihakiki mara mbili. Nilifunga mzigo, nikapanda gari la Beni nikijipongeza kwamba kichwa kimerudi.

Mjane ndiye aliyefungua mzigo, na hilo nalo liliniudhi. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimsikia akicheka na jirani, na kicheko kile kilinichoma: amekaa kwenye mkeka wake, amelia machozi yake yote, sasa anacheka, na mimi bado nasahau chumvi nimeitia au sijaitia. Akagawa mashati. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akainua la tano.

"Hii ya nani?"

Baba mdogo alilijaribu, likamkataa. Wengine wakalijaribu. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia.

"Mushonaji alichoka," baba mdogo akasema, watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshalitambua. Vipimo vile havikuwahi kuandikwa katika daftari lolote. Mikono yangu ilikata shati la mdogo wangu katikati ya mashati ya walio hai, na kichwa changu hakikuambiwa.

"Ni yake," nikasema.

Mjane, aniitaye yaya kwa kuwa mimi ni dada mkubwa, akanikazia macho. "Yaya, unajua namna gani?"

Ningeweza kusema kwa upole. Badala yake nilisimama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilisikia raha, raha mbaya ya kumshinda mtu. Nilimwambia kwamba mume wake alikuwa na bega moja la chini. Nilimwambia kwamba miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekata mashati yake yakakaa sawa, ndiyo maana yeye aliyeyapiga pasi hakuona kitu. Halafu nikajikuta nasema ambalo mimi na mdogo wangu hatukuwahi kumwambia mtu: kwamba alivunjika bega nilipomwangusha kutoka mgongoni tukishuka kilima, nikiwa na miaka minane, na nikamfundisha aseme ameanguka mwenyewe.

Nilingoja alie, ili nami nione ameumia. Hakulia. Alilishika shati kwa mikono miwili, akapitisha kidole begani.

"Sikujua," akasema. "Miaka tisa, sikujua. Na sasa hata sauti yake siisikii tena. Natafuta sura yake, inanikimbia. Naingia chumbani, nasahau nilikuja kutafuta nini. Bantu banasema nimepona juu ya kuniona nacheka." Akanitazama. "Yaya, uko na bahati. Mikono yako inamukumbuka. Unipe hii."

Kumbe naye alikuwa akinionea wivu. Hilo halikunilainisha. Bila macho ya watu ningemnyang'anya shati lile, lakini watu walikuwepo, kwa hiyo nikasema chukua. Moyoni nilijiambia: kitambaa kimebaki Butembo, mikono ninayo, nitashona langu.

Wiki mbili baadaye nilitandaza kile kitambaa mezani. Nilishika chaki. Mkono ukasimama hewani. Bega lilishuka vidole viwili au vitatu? Shingo ilikuwa ngapi? Nilifumba macho, nikajaribu kumwona akigeuka mbele yangu kama alivyogeuka mara mia, nikaona ukuta. Chai ilipoa pembeni. Nilikata kipande, hakikuwa chake. Nilikata kingine. Nikavitupa chini vyote, nikakaa juu yavyo nikilia kwa sauti, mchana kweupe, mlango wazi, mteja mmoja akachungulia akarudi alikotoka.

Nilipomaliza kulia hasira ilinipanda: sasa mdogo wangu ni wa mjane wote, hata bega. Nikachukua simu. Sikuwahi kumpigia tangu alipoolewa isipokuwa kwa shughuli. Akapokea.

"Nipimie ile shati," nikasema bila salamu. "Bega ya kushoto. Nimesahau."

Nikasikia sanduku likifunguliwa, kisha kitambaa kikikunjuliwa, kisha pumzi zake akiwa ameinama. Akataja namba. Kabla kalamu haijagusa daftari, namba ilikuwa imeniponyoka. Nikaona haya, nikamwomba arudie. Akarudia, ikaniponyoka tena. Mara ya nne aliitaja polepole, na hakuuliza kwa nini.