Doa la Magharibi

Jirani yangu mpiga picha ana sura ya mtu aliyekaa kwenye foleni tangu azaliwe. Studio yake na kiduka changu cha kushona vinatenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo kinachosemwa kwake nakisikia, nitake nisitake. Yeye anapiga picha za pasipoti. Mkewe anakaa kwenye kompyuta, anafuta kila doa nyuma ya vichwa vya watu mpaka pabaki peupe pe. Chumba cha nyuma amelala baba wa jirani yangu, aliyepooza, na wa kumgeuza ni huyo mwanawe tu, maana mzee ni pande la mtu. Tangu mzee aanguke, jirani yangu hajavuka daraja la kutokea mjini.

Na alichokitaka kilikuwa ng'ambo ya daraja. Kuna mwanga, aliniambia, unaosimama magharibi giza likishaingia. Ni vumbi la angani linalomulikwa na jua lililokwisha kuzama. Ni hafifu mno, taa moja ya barabarani inaumeza.

"Jirani," nikamwambia, "wenzako wanatafuta wateja, wewe unatafuta vumbi?"

Alicheka. Lakini kamera ndogo na stendi ya kukunja vilikaa ndani ya begi nyuma ya mlango, tayari kwa safari.

Siku moja mdogo wake akapita, akakubali kukaa na mzee jioni ile. Jirani yangu alitoka mbio, begi mgongoni. Aliporudi aligonga ukuta wangu. "Nimeupata!" Upepo ulikuwa umeitikisa stendi, picha zote zimeharibika, ila moja. Nikaichungulia kwenye kamera: weusi, na katikati weupe ulioinama, kama chaki yangu iliyofutika nusu kwenye kitambaa cheusi. Sikuona cha kushangilia, lakini yeye uso ulimng'aa, nami nikafurahi naye.

Asubuhi mkewe alitangulia kazini. Akachukua kadi ya kamera kama afanyavyo kila siku, akazihamishia picha kwenye kompyuta, akazisafisha, kisha akaifuta kadi iwe tupu kwa kazi za siku hiyo. Nikamsikia akimwita kwa furaha.

"Mume wangu, ile picha yako ya jana ilikuwa na doa kubwa hapa katikati. Nimekutolea. Ona ilivyotakata!"

Nilitamani kuubomoa ule ukuta.

"Imetakata kweli," akasema. "Asante, mke wangu."

Mchana nilimbana pale barazani. "Mbona hukumwambia? Mimi ningeipasua hiyo kompyuta!"

"Punguza sauti." Aliutazama mlango wa nyuma. "Nikimwambia atalia. Akilia, mzee atauliza. Mara ya mwisho mzee alipojua kuna mahali nilitaka kwenda nikashindwa, aligoma kula. Akasema ananipisha."