Rubisi Iliyokanyagwa Ukweni

Kaka yangu Audax ana kichwa kigumu, na nasema hivyo nikiwa dada yake wa tumbo moja. Tangu ujana wake amechonga obwato. Obwato ni lile hori refu la mti, lenye umbo la mtumbwi, ambamo sisi Wahaya hukanyaga ndizi mbivu ili tupate pombe yetu ya rubisi. Harusi bila rubisi kwetu haipo, na zamani rubisi haikupatikana bila mtu kama Audax. Aliitwa huku kwetu Kanazi, akaitwa mpaka Muleba, akalala huko huko mti ulikoangushwa mpaka autoboe tumbo lote kwa tezo. Alikuwa akirudi na vibanzi vya mti kwenye nywele, amenuna, nasi tukajua kazi imeenda vizuri.

Kisha yakaja mabeseni na mapipa ya plastiki kutoka nje, mepesi, yanayong'aa, na bei yake kila mtu aliiweza. Watu wakaacha kumwita. Audax hakulalamika, na afadhali angelalamika. Alifunga tezo lake kwenye gunia akalitupa darini, na mwaka jana akauza hata obwato wa nyumbani kwake. Aliununua mtu wa mjini Bukoba, akaujaza udongo na kupanda maua. Nilipomuuliza Audax kwa nini, akanijibu, "Adventina, dunia imebadilika. Wewe mbona husagi tena kwa jiwe?" Nilimnunia wiki nzima.

Mwanawe Alexander ana duka Hamugembe, anauza hayo hayo ya plastiki. Alipokubaliwa na Restituta, binti wa Kimwani, akaleta beseni la bluu ambalo ungeweza kumwogeshea ndama. Audax alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akalisifia. Mimi nikaguna tu. Akasema naona wivu hata kwa beseni.

Siku ya kumtoa binti, upande wa mume ndio hupeleka rubisi ukweni. Hata mwende na ng'ombe wa kutosha, bila rubisi hakuna atakayefungua mdomo. Basi kesho yake ikiwa ndiyo safari, vijana wakakunja suruali, wakanawa miguu, wakaingia kwenye beseni na nyasi za kukamulia ndizi, kuanza kukanyaga. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri sana, zinanukia mpaka barabarani. Hawakukanyaga hata nusu ya mzigo. Beseni lilipasuka kuanzia chini hadi ukingoni, na maji matamu yote yakaenda kunywesha migomba.

"Naenda kuleta lingine," Alexander akasema, tayari anatafuta bodaboda.

"Lingine la nini? Nalo lipasuke?" Audax akamuuliza, na hapo akakaa chini kwenye majani.

Nilizunguka kwa majirani wote. Obwato haukuwepo. Huyu aliupasua kuni, yule aliuacha ukaliwa na mchwa, na wote walinionyesha mabeseni. Niliogopa kweli. Baba wa Restituta, mzee Ildefons, si mtu wa kuchezea. Mposaji wa kwanza wa binti huyo huyo, mzee alimfukuza akarudi kwao kwa kosa la kuchelewa tu. Nilikuwa nimeshampenda yule msichana, na Alexander alikuwa amesimama pale na uso wa mtu anayetaka kulia mbele ya rafiki zake.

Ndipo nikakumbuka. Ildefons mwenyewe alitueleza, siku ya kupatana mahari, kwamba obwato wake alichongewa na Audax, na kwamba bado anautumia. Nikatoa simu.

Audax akaruka. "Umwombe mkwe chombo cha kutengenezea pombe ya kumpelekea yeye mwenyewe? Bora nife."

"Kufa, lakini kwanza tupakie ndizi zilizobaki," nikamwambia.

Nilimweleza Ildefons kila kitu, sikuficha hata rangi ya beseni. Alisema tu, "Njooni," akakata. Sikujua ni njooni ya namna gani. Njia nzima mpaka Kimwani Audax alikuwa ameshika mfuko wa mtama wa kuchanganyia kama mtoto mchanga.

Tulimkuta Ildefons amesimama kando ya obwato, umeshaoshwa, majani ya mgomba ya kufunikia yako tayari. Audax akaanza kwa heshima zote, "Waitu, mkwe wangu, aibu hii..." Mwenzake hakumsikiliza.

"Nani anakanyaga?" akauliza.

Kila mtu akamwangalia mwenzake. Alexander hawezi kuonyesha mapaja mbele ya mama mkwe wake, na vijana wetu tuliwaacha Kanazi. Audax akavua viatu. Akakunja suruali yake ya kanisani, akaingia. Ildefons alimtazama kidogo, akavua vyake pia. Wanawake wa nyumba ile wakakimbilia jikoni kwa heshima, kisha wakachungulia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, wazee wawili wenye mvi wameshikana mabega, wanakanyaga ndizi huku wakigombana nani anapoteza hatua. Hofu yote iliniishia pale pale.

Kesho yake rubisi ilikuwa inatoa povu. Shangazi wa binti, ambaye ndiye wa kuonja, akapiga funda moja, akapiga la pili, na kibuyu hakukirudisha. Tukapumua. Lakini Ildefons akasimama.

"Mahari haijatimia," akasema. Nikamwona Alexander anashika kiti. "Nataka obwato mpya. Nimebakiwa na mabinti wawili, na wakwe wa siku hizi naona wanakuja na ndizi tu. Audax achonge mwenyewe, na huyu mkwe wangu amshikie mti."

Watu wakacheka, Restituta naye akacheka ndani ya mtandio wake. Audax hakucheka. Aliangalia mikono yake, akamwangalia mwanawe.

"Wakola, waitu," akamshukuru mkwe wake. "Mti ninao. Nimeutunza nyuma ya nyumba tangu nilipoacha kazi, kila anayekuja kuutaka kwa mbao namkatalia."

Mimi, dada yake, ninayepita nyuma ya nyumba ile kila siku, nilidhani anaupenda kwa kivuli.