Sista Phanice na Moyo wa Bathsheba

Mimi na Sista Phanice Kemuma tulikuwa hatuivi chungu kimoja, na sioni haya kulisema. Zahanati yake inapakana na mabati ya kinu changu cha kusagia mawe ya dhahabu hapa Osiri. Mashine zangu nne zinaunguruma kutwa nzima, na kwa miaka sita amekuwa akija kulalamika kwamba hasikii mapigo ya mtoto tumboni mwa mjamzito. Nami nikawa namjibu kwamba wajawazito hao wanalishwa na mashine hizo hizo. Jina langu ni Gisiri. Nimezoea kuwa na neno la mwisho, na Sista naye ana ugonjwa huo huo.

Alitoka kwao Kisii akiwa mwembamba kama mwiko, Msabato kindakindaki, na tulidhani hatamaliza mwezi. Amezika wauguzi wangapi walioomba uhamisho, yaani amewaona wakija na kuondoka, yeye yupo. Mwaka juzi mradi fulani ulituletea mashine ya kupima moyo, ile yenye nyaya kumi inayochora mapigo kwenye karatasi ya miraba midogo. Ilikaa kabatini na nailoni zake kwa sababu hakuna aliyejua kuitumia. Phanice akachukua likizo yake, akaenda Homa Bay wiki tatu kujifunza kwa daktari mmoja wa moyo.

Aliporudi hakuna aliyesalimika. Mtu akija na jeraha la mguu, analazwa kitandani anapimwa moyo. Mimi nilikwenda kwa sababu ya kidole kilichobanwa na mkanda wa mota, nikajikuta nimelala chali, nimenyolewa kifua mahali sita ili vibandiko vishike. Mke wangu alicheka siku tatu. Nilipouliza majibu, Sista alikunja karatasi akasema, "Moyo wako ni mzima kabisa, mzee. Ni roho tu ndiyo ina shida."

Sasa nije kwa Bathsheba. Huyu ni mama wa miaka hamsini na kitu ambaye ameosha mchanga wa dhahabu kwangu tangu kinu kifunguliwe. Akishika karai, hapotezi hata chembe. Jumatatu moja ya Machi alianza kujisugua kifua. Sote tukawa madaktari: ni vidonda vya tumbo, anywe maziwa. Akanywa maziwa siku mbili. Jumatano asubuhi alikaa chini kando ya bwawa, jasho likimtiririka usoni, na karai likainama mapajani mwake mpaka mchanga wote ukarudi majini. Hakugeuka hata kuutazama. Hapo nikajua mambo yameharibika, tukambeba hadi zahanati.

Haikupita robo saa nikamwona Sista akiingia langoni kwa kasi, gauni jeupe limechafuka matope. Sikumpa nafasi. Nilipaza sauti juu ya mngurumo, "Sista, leo hapana. Kama ni kelele, rudi na barua ya chifu."

Ninajuta neno hilo mpaka leo. Alikuja akanishikisha karatasi, na juu yake palikuwa na mstari mnene wenye manyoya, kama kiwavi.

"Huo ndio moyo wa Bathsheba," alisema. "Siuoni. Umeme wa mota zako umejaa kwenye karatasi, na kitanda kinatetemeka. Nimechomoa mashine ukutani, natumia betri yake, bado. Zima zote, mzee. Dakika tano."

"Si umpeleke tu Homa Bay?"

"Ambulensi iko njiani. Lakini kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Kama ni moyo, itamwokoa, na kila dakika ina maana. Kama si moyo, inaweza kumuua. Daktari wa Homa Bay anataka kuona karatasi ndipo aniambie, niende wapi na wao waandae nini."

Niligeuka kuelekea swichi nikamkuta Machuki amesimama mbele yake. Machuki ndiye msemaji wa wachimbaji, mtu mpole, lakini siku hiyo alikuwa na macho ya woga. Ni lazima mjue kwamba hapa kwetu mashine hazizimwi zote mchana ila kwa jambo moja tu: mtu akifia shimoni. Zikinyamaza, walio chini ya ardhi wanapanda, na wanawake wanaanza kulia kabla hata ya kuuliza ni nani.

"Ukizima, umemtangazia msiba," Machuki aliniambia. "Yeye yuko hapo nyuma ya bati. Atasikia watu wakimlilia akiwa hai. Hiyo pekee itammaliza."

Kusema kweli na mimi niliogopa. Nimezaliwa na desturi hizi, siwezi kuzicheka. Lakini Sista alimsogelea Machuki mpaka ikabidi amtazame.

"Kwenye zahanati hii anayetangaza msiba ni mimi," alisema, bila kupandisha sauti. "Na sijatangaza. Waambie hivyo wanawake."

Machuki akasogea pembeni. Nikazima ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mawe yalianguka ndani ya mapipa, kisha kimya kikaingia. Nilisikia kuku akichakura, kitu ambacho sikuwahi kukisikia pale mchana. Mwanamke mmoja akashika kichwa na kufungua mdomo, na Machuki, huyo huyo, akamkimbilia na kumwambia asithubutu.

Nilimfuata Sista nikasimama nje ya pazia. Ilikuwa si adabu kuingia, kwani mama alikuwa ameachwa wazi kifua chini ya leso. Nilisikia tu. Alikuwa akimpangusa tena matope na jasho kwa spiriti, akimkausha, akihesabu mbavu kwa sauti ndogo, kila kibandiko mahali pake.

"Mama, legeza mikono. Usinijibu. Pumua tu."

Mashine ikalia kri-kri-kri. Nadhani hata mimi sikupumua. Kisha pazia likafunguka kidogo, akanionyesha karatasi. Mstari ulikuwa safi, mwembamba, kila pigo limesimama peke yake. Baada ya kila pigo, mahali ambapo mstari ulipaswa kushuka, ulibaki juu kama nundu.

"Ni moyo," alisema. "Sehemu hii inakosa damu."

Aliipiga picha kwa simu, akaituma. Hakuwa ameiweka chini ilipoita. Daktari hakusema mengi: atafune aspirini, wamlete moja kwa moja, dawa itamngoja mlangoni. Ambulensi ilipofika, Sista alipanda nayo, ameshika mkono wa Bathsheba.

Nikarudi kinuni kuwasha. Machuki alikuwa amekaa kwenye ndoo mbele ya swichi.

"Tumezima kwa ajili yake," alisema. "Tukiwasha kabla hatujajua, tutakuwa tumesema nini?"

Nikavuta ndoo nyingine, mimi mwenye neno la mwisho. Tukakaa. Wachimbaji walipanda wote kutoka mashimoni, wakaambiwa, wakakaa nao. Saa sita ikapita, saa saba, saa nane. Watu zaidi ya mia moja na hakuna aliyeondoka. Sijawahi kuogopa simu kama siku hiyo.

Iliita saa tisa na dakika kumi. Nikaweka sauti ya juu, watu wakanizunguka.

"Mzee Gisiri," Sista alisema, na nikasikia kwamba analia. Mwanamke huyu aliyenisumbua miaka sita sijawahi kumwona akilia. "Dawa imeingia. Maumivu yameisha. Nimempima tena mwenyewe, hapa mbele ya daktari. Mstari umeshuka, mzee. Umeshuka wote."

Machuki alijifunika uso kwa kofia yake. Upande wa pili tukasikia simu ikipokezanwa, halafu sauti nyembamba, imechoka, lakini ni yeye.

"Gisiri, mbona huko kumenyamaza hivyo?" Bathsheba aliuliza. "Nani amekufa?"

"Hakuna, dada yangu," nilimwambia. "Hakuna aliyekufa."

Vigelegele vilivyofuata alivisikia mwenyewe.