Kidole Nilichokataa Kukifunga

Binti yangu ana vidole kumi na kimoja. Nasema mapema, anayetaka kushika mdomo ashike sasa, tuendelee. Cha ziada kiko mkono wa kushoto, pembeni ya kidole kidogo, kifupi, laini, chenye ukucha wake kabisa, na Jumamosi nikimpaka rangi ya kucha kile ndicho anachotanguliza. Wanawake ninaouza nao ndagala, dagaa wa ziwa, sokoni hapa Uvira hawachoki kuniuliza, "Mama, juu ya nini hamukukitosha, hamukukikata?" Nawajibu, "Kwani kilikuja kwako kuomba chakula?" Wanacheka, nami nacheka nao. Lakini kidole hicho nusura kinitoe kwenye ndoa yangu.

Alizaliwa asubuhi, kwenye maternite, kituo kidogo cha kujifungulia cha mtaani kwetu. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Mimi ni mtu wa ziwa, baba yangu alivua na babu yangu alivua. Mume wangu kwao ni Luberizi, kule kwenye bonde la Ruzizi, kwa watu wa mpunga na ng'ombe. Ndoa yetu ilikuwa bado mbichi, ule wakati mkamwana anapimwa kila siku: anaamka saa ngapi, anasalimia vipi, ugali wake una madonge au hauna.

Mama mkwe ndiye alifika wa kwanza. Alimpokea mtoto, akafungua kitambaa, akaanza kupapasa miguu, kisha mikono. Kwenye mkono wa kushoto akasimama. Hakusema "Yee!", hakumwita Mungu. Alitazama mlangoni kama kuna mtu anakuja, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa uzi mweusi, umeshakatwa, umeshakunjwa.

"Mulete nikifunge sasa hivi," alininong'oneza. "Kitakauka, siku chache kitaanguka chenyewe. Banaume hawatajua kitu."

Uzi ulikuwa tayari! Hapo ningepaswa kujiuliza ni bibi gani anayekuja kumwona mjukuu akiwa na uzi kwenye pindo. Sikujiuliza. Nilichosikia mimi ni neno la kuficha, na kuficha ni kitu kinachonipandisha damu tangu nikiwa mdogo.

"Mama, hapana. Minye sikuiba kitu. Juu ya nini nimufiche mutoto wangu?"

"Weye hujui bado. Utalia."

"Basi nitalia."

Alinitazama sana. Akarudisha uzi kwenye fundo, akafunga, akanipa mtoto wangu.

Siku ya tatu akaja baba mkwe. Huyu ni mtu ambaye Luberizi nzima wanamwita wakitaka kununua dume. Akimtazama ndama anakuambia pembe hizi ni za bibi yake, doa hili la shingoni ni la dume lililokufa zamani, mama yake hana lakini alilibeba tumboni. Watu wanamsikiliza kama padri. Akamchukua mtoto, akamfurahia, akamwita mama mdogo. Kisha akaona mkono. Akamrudisha kitandani taratibu, akafuta viganja vyake kwenye suruali.

"Mu ukoo wetu hakuna kidole kama hiki," alisema. "Hata kimoja. Mama yake aseme alikitosha wapi."

Akaondoka hajakaa hata kwenye kiti. Mume wangu alikuwa amesimama pale, mtu mzima na ndevu zake, anaangalia saruji ya chini.

Kwao mtoto anapata jina kutoka mdomoni mwa babu yake, kitovu kikishaanguka. Kabla ya hapo ni "mutoto" tu. Kitovu kikaanguka. Jina halikuja. Kilichokuja ni ujumbe: Jumapili ile ya pili tupande Luberizi, mimi na mtoto, na begi langu. Wazee wawili wa ukoo watakaa na baba mkwe, halafu nitarudishwa kwa baba yangu, na mtoto atabaki mtoto wa mama yake. Begi langu! Hawakuficha hata kidogo.

Nikasema haya, nitafute mwenyewe. Nikaenda kwetu, nikamshika baba yangu mikono, nikamshika mama, nikawashika kaka zangu na dada zangu mmoja mmoja kama mtu wa kuhesabu kura. Vidole kumi, kumi, kumi. Nikarudi nyumbani nikiwa nimechoka roho. Nilijua nimelala na nani maishani mwangu, ni mmoja tu na yuko pale kitandani anakoroma. Lakini woga hauna akili. Kuna dakika nilianza kujiuliza kama kuna dhambi mtu anaweza kufanya bila kujua. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Muuguzi wa chanjo ndiye alinirudishia akili. Mama mmoja mnene, mkali, anayewafokea wanawake wote kwa usawa. Alimgeuza mtoto kumchoma sindano, akaona kidole, wala hakushtuka.

"Hiki kinatoka kwa nani, kwa baba yake ao kwa weye?"

Nikaanza kulia palepale kwenye benchi. Nikamweleza yote, wanawake wengine wakisikiliza bila aibu. Akaweka sindano chini.

"Sikiliza. Mutu anaumbwa na maagizo anayopewa na wazazi. Nusu ya baba, nusu ya mama, nyuzinyuzi ndogo sana ndani ya damu na nyama, tunaita jeni. Moja inasema rangi, ingine inasema urefu. Kuko ingine inasema ongeza kidole. Hiyo haihitaji wazazi wawili, mumoja anatosha. Kila mimba ni kama kuchota maharage ndani ya kikapu ukifunga macho, unaweza kutoka nayo, unaweza kutoka bila. Na kuko batu wanaibeba maisha yao yote haionekani kwao, inaonekana kwa mutoto wao."

"Lakini kwetu hakuna. Na kwao wanasema hakuna."

Hapo akacheka, kicheko kibaya.

"Wanasema! Minye hapa karibu kila mwezi naona bamama wanafunga vidole hivi na uzi mapema, mbele baba hajafika. Wengine kinaoza, wengine damu inatoka, wengine kinapona, basi. Halafu mutoto anakomaa, naye anasema kwetu hakuna. Weye rudi nyumbani, angalia pembeni ya kidole kidogo. Uzi unaacha kinundu. Kama punje ya mpunga."

Nilikuwa na mtoto mgongoni na bado nilikimbia.

Kwa sababu kinundu hicho nakijua! Nimekishika nikiwa mchumba. Mkono wa kushoto wa mume wangu, pembeni kabisa. Nilimuuliza siku moja tukitembea ufukweni, akaniambia mundu wa mpunga ulimkata akiwa mdogo sana, mama yake alimsimulia. Nikamkuta nyumbani anakula. Nikauvuta mkono wake kutoka kwenye sahani, nikauweka karibu na wa mtoto. Alitazama mkono wake, akatazama wa mtoto, akatazama tena wake. Ugali ulimkauka vidoleni.

"Lakini ilikuwa mundu," alisema.

"Mundu ulikata kidogo hivi, mviringo hivi, na wewe hukumbuki? Nenda umwambie baba yako."

"Nani atamwambia muzee kitu kama hicho? Atasema mama yangu ndiye alikitosha kwingine."

Nilikasirika hadi masikio yakaniwaka. Nilimwambia kumbe unaweza kumwogopea mama yako, ila mke wako aende na begi. Lakini neno lake lilibaki na mimi, kwa kuwa lilikuwa kweli. Kinundu chake peke yake kingenisafisha mimi na kumchafua mama mkwe.

Jumapili tukapanda. Mpunga ulikuwa umeanikwa pembeni ya barabara tangu mji wa Sange, na mimi nimeketi na begi magotini. Nililibeba kweli, sikutaka waseme nimeogopa. Walikuwa wameketi sebuleni: baba mkwe, wazee wake wawili, mume wangu kando yao, mama mkwe kwenye mkeka karibu na mlango. Maneno yatakuja baada ya chakula, walisema. Mtu hafukuzwi akiwa na njaa, heshima gani hiyo!

Sasa, kwetu sisi mkamwana ndiye anawanawisha wakwe zake. Unapiga magoti na birika na beseni, unamimina, unashusha macho. Nimefanya hivyo mara nyingi sana nikiona beseni tu. Siku ile sikushusha macho: nilitafuta kinundu cha pili, cha yule aliyemrithisha mume wangu. Nilianza na mama mkwe, kinyume cha utaratibu, wazee wakakohoa. Akatoa mikono yote miwili. Safi, laini, hakuna kitu. Aliniona ninavyoangalia.

Nikaenda kwa baba mkwe. Akatoa mkono wa kulia, wa kulia chakula, kama siku zote. Nikamimina. Akaurudisha. Sikuondoka.

"Baba, na wa kushoto."

"Nini?"

"Mkono wa kushoto, Baba. Naomba."

Mkamwana hamwagizi mkwe wake. Mzee mmoja akasema, "Eh, huyu binti!" Lakini nilikuwa tayari nimeinua birika, na maji yalikuwa yanaanguka kwenye beseni bure, na mtu aliyezoea kunawishwa mkono wake unakuja wenyewe. Aliutoa. Nikamimina, nikauona. Pembeni ya kidole kidogo, kigumu, cheusi kidogo kuliko ngozi yake, punje ya mpunga.

"Hii ni nini, Baba?"

"Kamba ya ndama. Ilinikata nikiwa mutoto. Mama yangu aliniambia."

"Baba yake na mutoto, leta mkono wako," nilimwambia mume wangu. Na Mungu ambariki, siku hiyo alisimama. Alikuja, akauweka mkono wake kando ya wa baba yake. Nikaweka birika chini, nikamtoa binti yangu mgongoni, nikaufungua wa kwake katikati yao. Mikono mitatu ya kushoto. Nikamgeukia mzee.

"Baba, weye ukiona doa kwa ndama unajua ni la nani, hata kama mama yake hana. Batu wanatoka mbali kukuuliza. Huyu pia ana doa. Niambie ni la nani. Mumoja alikatwa na kamba, mumoja na mundu, palepale, kidole kilekile. Na wangu, nikitafutie kisu gani?"

Kisha sauti ikatoka mlangoni, ndogo sana.

"Mundu haukuwako."

Mama mkwe alikuwa amesimama. Sijawahi kumsikia akisema mbele ya wazee wale zaidi ya kukaribisha.

"Ni minye nilifunga. Siku mutoto wetu alizaliwa, mbele hamujaingia. Nilikuwa nimeshaona mkono wako, baba yao, tangu tunaoana. Nikaelewa siku ileile. Lakini nani angenisikiliza? Mungenirudisha. Hata mama yako, naye alifunga, naye alikudanganya, juu alikuwa anaogopa sawa na minye. Nilimupelekea huyu uzi apone. Alikataa." Akanigeukia. "Mwanangu, weye ulikataa."

Jamani. Nilikuwa nimemkasirikia mwanamke yule siku zote hizo. Alikuja kuniokoa kwa njia pekee aliyoijua, na kwa njia hiyohiyo, yeye na mama mkwe wake aliyekufa, walikuwa wameninyima ushahidi. Kila mama alifuta mkono wa mwanawe ili abaki kwenye ndoa, na mke wa mwanawe akakuta mikono safi ya kumhukumu. Nilitaka kumfokea na nilitaka kumkumbatia. Nilibaki nimemshika mtoto.

Baba mkwe alikuwa anakisugua kinundu chake kwa dole gumba, kama mtu anayetaka kukitoa. Maji yalimdondoka kwenye goti.

"Mama yangu," alisema. "Mpaka anakufa alisema ni kamba."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili, bado imelowa, akaniomba mtoto. Hakuniomba radhi, wanaume wa umri ule hawana maneno hayo, na mimi sikusema nimesamehe, kwa kuwa ilikuwa bado. Alimweka mapajani, akashika kile kidole kwa vidole vyake viwili, akampa jina. Alimpa jina la mama yake.

Mzee mmoja akaanza kuuliza kama sasa kifungwe basi, mambo yaishe vizuri. "Hakuna kufunga," nilisema, na baba mkwe akasema, "Umesikia mama yake."

Baadaye daktari alituambia kinaweza kuondolewa vizuri, bila maumivu. Nikasema mwenye mkono ataamua akikua. Amekua, ameulizwa, amekataa. Shuleni mwenzake alimcheka, akamwambia, "Wewe ukihesabu kumi na moja unavua kiatu, mimi sivui." Sijui ulimi huo ameurithi kwa nani. Mume wangu anasema anajua.

Wa pili akazaliwa wa kiume, vidole kumi. Baba mkwe alikuja, akamfungua mkono wa kushoto, akaugeuza, akapapasa pembeni, akatafuta tena. "Huyu," alisema kwa huzuni kabisa, "amefanana na batu ya ziwa." Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuninyamazisha.

Mama mkwe alikuja siku ileile. Alifungua pindo la kitenge, akatoa uzi ule mweusi, akaniwekea kiganjani. Jumatatu yake kifungo cha sketi ya shule ya binti yangu kilikuwa kimeng'oka. Nilikishona kwa uzi huo.